Rangi ya Kanyi

Siku ya soko pale Emali, Mutindi alikuwa akipepeta ndengu chini ya mwavuli wake wa manjano wakati shangazi yake Kaluki alipofika, akamshika mkono wa kushoto na kuitazama pete. Ilikuwa pete ya dhahabu yenye jiwe moja la almasi. Mchumba wake, Kanyi, alikuwa ameirithi kwa marehemu shangazi yake Gakenia, aliyeuguza wazee ng'ambo kwa miaka mingi.

"Hii iko manjano," Kaluki alisema. "Almasi ya ukweli ni nyeupe kama maji."

Kitonga, aliyeuza simu kibanda cha pili, akaitwa. Aliipulizia pumzi ile pete, akaiweka juu ya gazeti, akasema yeye almasi anazijua, ameziona kwa video. "Ni manjano, siste. Huyu mtu wa Murang'a amekuchezea."

Kanyi alizaliwa Emali, nyuma ya stesheni ya reli. Baba yake ndiye aliyetoka Murang'a, na machoni pa soko jambo hilo lilitosha kumfanya mgeni.

Jioni Kanyi alifunga kibanda chake cha kuziba pancha akaja kumsaidia Mutindi kubeba magunia. Kucha zake zilikuwa za manjano. Alikuwa amezisugua kwa petroli, kisha kwa sabuni ya unga, na rangi haikutoka.

"Ni grisi?" Mutindi aliuliza.

"Grisi ni nyeusi," Kanyi alisema, wakabeba magunia.

Jumapili baada ya ibada, akina mama wa kanisa waliizungusha pete mkono kwa mkono. Mmoja alisema ni manjano ya yale mahindi ya msaada. Mwingine alisema ni ya mkojo, akaomba radhi kwa kuwa walikuwa bado uani mwa kanisa. Kanyi alikuwa hatua chache kutoka hapo akipanga viti, na kila mmoja aliposema neno lake rangi ilimpanda: viganja, vifundo, mpaka viwiko. Nthenya, mke wa mzee wa kanisa, alimpa limau ajipake. Kaluki alisema mtu akificha jambo, mwili wake humsengenya.

Kwenye zahanati daktari alimpima Kanyi ini akakuta liko sawa. "Hii haitoki ndani," alimwambia. "Inatoka nje." Akamwandikia dawa ya minyoo, kwa sababu ndiyo iliyokuwapo.

Nzioka, baba yake Mutindi, alikuwa mwalimu mstaafu. Alikataa kupanga tarehe ya harusi.

"Mimi sina shida na kijana," alisema. "Lakini watu wazima wote wanasema kitu kimoja. Lisemwalo lipo."

"Nani kati yao amewahi kushika almasi, baba?"

"Mutindi. Macho ni macho."

Basi Mutindi na Kanyi wakaenda Nairobi, kwenye maabara ya kupima vito. Mpimaji alikuwa mwanamke mpole aitwaye Wariara. Aliling'oa jiwe kutoka kwenye pete, akalisafisha, akalilaza kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, chini ya taa nyeupe, kando ya mawe mengine ambayo rangi zake zilikwisha kujulikana. Akalilinganisha na moja, akalisogeza hadi jingine, akarudi. Kisha akamwita mwenzake naye atazame, bila kumwambia ameona nini.

"Huko kwenu mlilitazamia wapi?" aliuliza.

"Sokoni. Chini ya mwavuli."

"Wa rangi gani?"

Mutindi alimwambia. Wariara akatikisa kichwa. "Almasi huokota rangi ya kilicho karibu nayo. Hata dhahabu ya pete huikopesha yake. Hili jiwe halina rangi, dada. Tunaanza na herufi ya D, zile safi kabisa, tunashuka mpaka Z. Lako ni F."

Kanyi aliegemeza mkono kwenye meza kutia sahihi. Chini ya taa ile, mkono ulikuwa wa hudhurungi, na kovu la zamani la chuma cha kufungulia tairi likionekana vizuri. Wariara aliutazama jinsi alivyotazama kila kitu. "Na wewe pia huna," alisema, akarudisha jiwe kwenye pete.

Waliporudi waliteremka njiani, kwenye kituo cha Salama, kunywa chai. Walipomaliza vikombe, kucha za Kanyi zilikuwa zimeanza tena.

Nzioka alivaa miwani akasoma cheti cha maabara mbele ya wote waliokuja kukisikiliza. Alipofika mahali pa rangi aliisogeza karatasi karibu na macho.

"F," alisema.

"F?" Kaluki alishika kifua. "Hata mtihani wa taifa unaishia E!"

"Mimi kwa miaka yangu yote ya kufundisha," Nzioka alisema taratibu, "sijawahi kumpa mtoto F."

Mutindi alieleza habari za D na Z, za karatasi nyeupe na taa. Walimsikiliza kwa heshima. Kitonga alisema maabara za Nairobi zinajulikana. Shingo ya Kanyi ikawa manjano mpaka kwenye kola.

"Baba," Mutindi alisema, "tutaoana, ukipanga tarehe au usipopanga."

Walioana mwezi wa Agosti. Mpambaji alimtazama bwana harusi, akachagua utepe wa manjano, na watu wakakubaliana kwamba umependeza. Nzioka alikuja, akakaa safu ya nyuma. Madereva wa malori waliendelea kuzibiwa pancha na Kanyi, ila walizoea kumwekea tairi chini badala ya kumpa mkononi. Naye alizoea kuliokota.

Asubuhi moja Mutindi alikuwa akikoroga uji, Kanyi akinyoa ndevu mbele ya kioo cha dirishani. Uso wake wote ulikuwa umekwisha kushikwa na rangi, isipokuwa sikio moja. Mutindi alimtazama mgongo. Wazo likampita: shangazi Gakenia alikuwa muuguzi tu, pete kama ile aliipata wapi hasa? Aliendelea kukoroga.

Kanyi aliacha kunyoa. Kwenye kioo alilitazama sikio lake likigeuka manjano polepole kutoka kwenye ncha kushuka chini, akangoja limalize. Kisha akaosha wembe, akaja mezani, akakaa, akamwomba sukari.