Mpiga Picha wa Guangzhou

Jumapili saa nne asubuhi Mayasa alikuwa anapanga kava za simu kwenye meza yake ya biashara Jules Street, Malvern, Johannesburg, picha ilipoingia kwenye simu yake. Mumewe Nassir alikwenda Guangzhou kufuata mzigo, safari ya miezi miwili, na huu ni mwaka wa tatu. Kila Jumapili humtumia picha moja. Huwa amesimama kando ya sanamu ya mbuzi watano wa mawe, au mbele ya jumba la kale la ukoo wa Chen, anatabasamu.

Mayasa akamwomba Zabibu wa meza ya pili amwangalizie biashara, akafunga vizuri ushungi wake, akaingia kwenye picha. Alikuwa akifanya hivyo tangu Ramadhani. Hakuna aliyemuuliza viza.

Safari hii ulikuwa msikiti wa kale wenye mnara mweupe wa mviringo. Uani kulikuwa na joto la unyevu kama la Tanga. Nassir hakutikisika, kwa kuwa picha ilikwishapigwa. Mayasa akamnyoosha kola na kumuuliza anarudi lini, kama alivyomuuliza kila wiki. Nassir akaendelea kutabasamu. Ndipo Mayasa alipogeuka kuangalia anamtabasamia nani.

Aliyekuwa nje ya picha alikuwa huru kusogea. Alikuwa msichana wa Kitanzania mwenye mimba kubwa, ameshika simu ya Nassir.

"Shikamoo, bi mkubwa. Mimi Shufaa."

"Marahaba. Amekuoa lini?"

"Mwaka juzi, baada ya Idi. Aliniambia umeridhia. Hata kanga alinipa, akasema zawadi yako."

Mayasa akauliza ilikuwa kanga gani. Ilikuwa nyekundu, yenye mabibo pembeni. Mayasa aliitafuta wiki nzima baada ya Nassir kusafiri.

Kuhusu kurudi Johannesburg, Shufaa alieleza taratibu kwamba wamechukua nyumba kwa miaka miwili mingine. Halafu akasema si vizuri mtu atoke mbali hivyo aondoke bila kumbukumbu, akainua simu.

"Unaziba mnara, bi mkubwa. Sogea kushoto kidogo."

Mayasa akasogea.

Adhuhuri alikuwa amesharudi Malvern. Zabibu akaitazama ile picha mpya kwenye simu ya Mayasa, akasema China imempenda mwenzake, ila mbona mume hamwangalii yeye.

"Anamwangalia anayepiga," akasema Mayasa. "Ndivyo watu wanavyofanya."