Mwanamke wa Tofali

Ukoo mzima ulichoka na habari za bibi. Eti yule mwanamke wa saruji pale uwanjani, aliyeinua tofali kuadhimisha miaka ya ujamaa, ni yeye! Wajukuu walimpachika jina la Sanamu. Mjukuu wake mkubwa alikuwa fundi rangi, na wakwe zake ndio waliocheka zaidi, maana wao walishikilia kuwa yule wa saruji ni mama yao, marehemu.

Manispaa ilipompa fundi kazi ya kuisafisha sanamu hiyo, bibi alibeba kigoda chake akaja kukaa chini ya jukwaa la mbao alilolifunga fundi la kupandia.

"Panda ukanione," alisema. "Halafu uwazibe midomo."

Fundi alipanda. Alimpenda bibi kuliko alivyoamini maneno yake, na leo angeujua ukweli, apende asipende. Alisugua uso mpaka ukungu ukabanduka. Pua ilikuwa ndefu, nyembamba. Katika ukoo wao pua ya namna hiyo haijawahi kuzaliwa. Alijisikia vibaya. Angemwambiaje bikizee wa watu?

Akaendelea na kazi. Alipofika mikononi, brashi ilisimama yenyewe. Kidole kidogo cha kulia kilipinda kwenda nje, kikikataa kulala kwenye tofali. Akakisugua tena, akakisogelea. Kidole hicho alikijua vizuri mno, kilimfinya utotoni kila alipodokoa sukari.

Alishuka mbio, nusura ateleze. "Bibi, mikono ni yako! Lakini uso..."

"Uso ni wa mwalimu aliyetufundisha kusoma jioni pale kiwanda cha matofali tulikofanya kazi. Miguu ni ya mpishi." Bibi alisema kama anayetaja bei ya chumvi. "Mchongaji alitaka mtu mmoja, tukagoma. Tukamwambia achukue kidogo kwa kila mtu, asipatikane wa kujitapa peke yake."

Fundi aliutazama tena ule uso. Mama wa wakwe zake, yule marehemu, alikuwa mwalimu pale pale kiwandani.

"Sasa bibi, miaka yote hii mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mlikuwa mnacheka."

Fundi aliona aibu, maana naye alicheka, tena sana. Akabadilisha maji ya ndoo, akapanda tena, akauosha uso wa mwalimu upya, polepole, huku bibi akimwelekeza kwa kile kidole chake kilichopinda mahali palipobaki ukungu.