Mkono Ambao Haukunyooshwa

Asubuhi ya siku ya tatu, kabla hawajapanda baiskeli, Tarishi alirudia maneno yake yale yale. Alikuwa amepeleka barua kwa baiskeli miaka thelathini, na sasa aliongoza msafara wa watu wanane. "Ukiona shimo, nyoosha mkono chini upande lilipo, useme 'shimo'. Aliye nyuma yako haoni barabara. Anaona mgongo wako tu."

Mwoka mikate, aliyemfuata kwenye mstari, aliitikia kwa kichwa. Nyuma ya mgongo wake alikuwapo mdogo wake wa kike, ambaye nyumbani walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Mama yao hakutaka kabisa kusikia habari ya safari ile. Mwishowe alimshika mwanawe mkono pale mlangoni, akamwambia, "Unaondoka naye mzima, nirudishie mzima." Na kila jioni alipiga simu kuwahesabu, ingawa watoto wenyewe walikuwa wawili tu.

Walipotua kunywa chai, Chiriku akaanza. "Huyu kaka yangu mnayemwona, alijifunza baiskeli akiwa na miaka kumi na minne. Mama alimfunga mto kiunoni kwa mkanda wa baba, halafu anamkimbilia nyuma, 'Polepole, mwanangu, polepole.'"

Watu wakavunjika mbavu. Fundi cherehani, msichana ambaye mwoka mikate alikuwa akitafuta maneno ya kumvutia tangu juzi, alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

"Na leo huo mto umeuacha wapi, Bwana Mto?" akauliza.

"Siku hizi anao wa kudumu, mtazameni kwa nyuma," Chiriku akadakia.

Mwoka mikate naye akacheka, kicheko cha meno tu. Ndani alikuwa amefura kama unga uliozidishiwa hamira. Wala haikuwa hasira kubwa. Ingekuwa kubwa, angegombana na mdogo wake pale pale, yakaisha.

Barabara ikaanza kuteremka. Mvua ya usiku ilikuwa imejaza mashimo maji. Tarishi alikuwa mbele, mwoka mikate wa pili, Chiriku wa tatu. Kwenye mashimo mawili ya kwanza mwoka mikate alinyoosha mkono kama kawaida.

"Asante, Bwana Mto," Chiriku akaitikia, na kicheko kikasafiri mpaka mwisho wa mstari.

La tatu lilikuwa pana kama karai, maji yamelifunika, ungedhani ni lami iliyolowa tu. Tarishi akanyoosha mkono. "Shimo."

Mwoka mikate aliliona vizuri. Akapinda usukani kidogo, akapita. Mkono wake ukabaki kwenye breki. Alitaka mdogo wake arukiwe na maji, alowe, anyamaze walau nusu saa.

Alichosikia ni mlio wa chuma, kisha kitu kizito kikiburuzwa. Halafu kimya. Kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani, Chiriku hakuwa na la kusema.

Zahanati iliyokuwa karibu ilikuwa na kitanda kimoja na benchi moja. Muuguzi alimfunga Chiriku mkono kifuani, akasema mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, umevunjika, nao utaunga. Kilichomtia wasiwasi ni kichwa. Kofia ngumu ilikuwa imepasuka ukingo hadi ukingo, na Chiriku aliuliza swali, akasahau jibu, akauliza tena.

"Kaka, nilianguka vipi?"

"Shimo."

Zikapita dakika mbili. "Kaka, nilianguka vipi?"

"Shimo, mdogo wangu."

"Akianza kushika anachoambiwa, nitapumua," muuguzi alisema. "Asiposhika mpaka alasiri, tutamtafutia gari la hospitali kubwa."

Tarishi alikuwa ameketi kwenye benchi, kofia yake mapajani. "Wewe ndiye uliyekuwa nyuma yangu," alimwambia mwoka mikate. "Nilinyoosha mkono au sikunyoosha?"

Mwoka mikate akatazama sakafu. "Sikuona, mzee."

"Basi sikunyoosha." Mzee akawa anaizungusha ile kofia. "Macho yamekwisha. Baiskeli nitampa mjukuu. Nyumbani walishaniambia siku nyingi, ubishi ni wangu."

"Kaka, nilianguka vipi?"

Angeweza kusema shimo tena, na kesho tena, mpaka uzeeni. Akamtazama mzee, akamtazama mdogo wake. Akawaza kwamba hata akisema kweli sasa, baada ya dakika mbili itakuwa imefutika. Hilo ndilo lililomfungua mdomo.

"Niliona shimo," alisema. "Tarishi alinyoosha mkono, nikaliona, nikalikwepa. Wewe sikukuonyesha. Ulinikasirisha na ule mto."

Kofia ya Tarishi ikaacha kuzunguka. Chiriku alimkazia macho kaka yake.

Mwoka mikate akasubiri. Dakika mbili zikapita, zikawa tano. Alijikuta anaomba mdogo wake aulize tena, kisha akakumbuka kwamba asipouliza ndiyo salama yake, akajiona mtu mbaya kwa mara ya pili siku ile.

Hakuuliza.

Simu ikaita. Ilikuwa mchana, si saa ya mama kupiga, lakini ndiye yeye. Chiriku akanyoosha mkono mzima. "Nipe."

Aliongea polepole. "Mama, nimeanguka, ila nipo. Nilianguka vipi? Ngoja kaka akueleze mwenyewe. Yeye aliliona."

Akamrudishia simu, akageuzia uso ukutani.