Ukumbi wa Masharubu

Sheria mpya ya tiketi ilikuwa fupi: anayeingia ukumbini lazima awe yule yule aliyenunua dirishani. Ilitungwa kuwakomesha walanguzi. Kwa hiyo Mlanguzi, aliyezinunua zote kabla dirisha halijafunguka vizuri, akawa anauza tiketi pamoja na sura yake.

Fundi cherehani alipanga foleni hadi miguu ikavimba. Karani akamwambia zimekwisha, amwone yule bwana mwenye masharubu pale kwenye ngazi. Jioni ile binti wa fundi angeimba mbele ya watu kwa mara ya kwanza, na tangu utotoni hakuwahi kutoa sauti bila kumwona mama yake. Waimbaji hawakupewa tiketi za jamaa zao.

"Mwanangu anaimba leo, kaka yangu, na sina kitu," fundi alimwambia Mlanguzi.

"Cherehani unayo, mama."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akaenda kuileta. Alipopokea tiketi, masharubu yakamwota pale pale na kidevu kikapanuka. Akajikuna kidogo, akaelekea mlangoni.

"Karibu tena, bwana," bawabu alimwambia. Sura ile alikuwa ameshaichoka.

Binti alipanda jukwaani amevaa gauni aliloshonewa na mama yake. Mbele yake Mlanguzi alikuwa amejaa ukumbi mzima, kiti kwa kiti. Mpiga kinanda akaanza, akarudia, akaanza tena. Binti akamtafuta mama yake safu kwa safu.

Ndipo Mlanguzi mmoja wa safu ya nyuma akasimama, akajishika bega la kushoto na kulivuta juu kwa hasira, kama fundi anayeona kazi yake ikiaibishwa. Binti akajitazama. Mkanda wa gauni ulikuwa umeteleza. Akaupandisha, akaimba, na yule wa safu ya nyuma akalia machozi hadi masharubu yakalowa.

Ofisa aliyetumwa kusimamia ile sheria ya tiketi alitoka ameridhika. Hakuna tiketi hata moja iliyotumiwa na mtu mwingine.

Nje, masharubu yalimdondoka fundi akishuka ngazi. Mlanguzi alikuwa ameketi juu ya cherehani, akiuza tiketi za kesho.

"Vipi mtoto, mama? Ameimba vizuri?"

"Vizuri sana," fundi alisema. Furaha ilikuwa bado imemjaa.

"Hongera. Basi kesho bei imepanda."