Mjukuu wa Mama Deki

"Taratibu, Karani. Taratibu, baba. Usinivute, mgongo wangu nao una umri wake."

Mama Deki alikuwa ameinama, taulo kuukuu limepita chini ya tumbo la mbwa, ncha zake mbili kazishika kwa mkono mmoja kama mtu aliyebeba kikapu. Mkono wa pili umeshika mlango. Karani alitanguliza miguu ya mbele hadi kizingitini, akasimama, akautazama ua kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Mguu wa nyuma uliobaki ulikuwa ukitetemeka. Pale ulipokuwa mguu wa pili palikuwa na ngozi iliyonyolewa na nyuzi nyeusi zilizokwenda mstari mmoja kama mshono wa gunia. Shingoni alivikwa ndoo ndogo ya plastiki iliyokatwa kitako, asije akakifikia kidonda kwa ulimi. Ndoo yenyewe ilikuwa ya mafuta ya kupikia. Ilisuguliwa ikasuguliwa, bado ilinukia jikoni, na mnyama wa watu alishinda akiilamba kwa ndani.

Akakojoa akiwa ameliegemea taulo. Mama Deki akashusha pumzi.

"Hilo limekwisha. Sasa bado la kusimama mwenyewe. Wiki ikiisha narudi kazini. Nani atakushikia taulo?"

Hilo ndilo lililomkaa rohoni tangu alipoamka. Chumbani alikuwa akiishi peke yake. Siku za kazi alitoka alfajiri, akarudi jua limeshalegea. Mbwa asiyeweza kujiinua angelala kwenye mkojo wake kutwa nzima, kidonda kingeoza, na bakuli la maji angelitazama tu kwa mbali. Daktari wa wanyama alikwishamwambia, kwa upole lakini bila kuzungusha, kwamba mambo yakifika hapo amrudishe apigwe sindano ya kumlaza moja kwa moja.

"Na usimbebe, mama," daktari alisema pia. "Ukimbeba atazoea kubebwa. Mwache atafute mwenyewe namna ya kusimama. Muhimu ni usafi."

Usafi. Hapo ndipo Mama Deki alipojikwaa. Ukimwambia usafi mwanamke aliyepiga deki maisha yake yote, mpaka jina lake likasahaulika likabaki hilo la deki, yeye hasikii sabuni peke yake. Anasikia mng'aro. Basi siku ile ya kumtoa Karani kwa daktari, kabla hajaenda, alipiga magoti akaisafisha sakafu yote, akaipaka nta, akaisugua kwa kitambaa cha sufu hadi dirisha likaonekana humo ndani. Akarudi na mgonjwa, akamweka chini kwa heshima zote. Karani akapiga hatua moja. Mguu wa nyuma ukaenda pembeni, tumbo likapiga sakafu, akateleza hadi chini ya kitanda, na uzi mmoja ukakatika. Akalia kilio ambacho majirani walitoka kukisikiliza.

Tangu hapo hakutaka tena kujaribu. Alitandikiwa gunia, gunia nalo likateleza pamoja naye kama mkokoteni. Akatandikiwa mkeka, mambo yakawa yale yale. Sasa alikuwa akilala pale alipowekwa na kumtazama Mama Deki kwa jicho la mtu aliyedanganywa na ndugu yake.

Dawa ya hayo aliijua. Maji ya moto, magadi, brashi ya waya, na nta ingetoka yote sakafu ibaki kavu, yenye kukwaruza. Lakini kila aliposhika brashi, mkono uligoma.

Sakafu hiyo ilimwagwa na marehemu mumewe. Alikuwa fundi bomba, si mwashi, na kila mtu alimcheka aliposema ataipiga mwenyewe. Akachanganya sementi na rangi nyekundu kwenye karai, akaanzia ukutani, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, na alipomaliza akagundua kofia yake imebaki ndani. Walilala kwa jirani siku hiyo kwa ajili ya kofia na sementi mbichi. Ilipokauka, Mama Deki aliipaka nta kwa mara ya kwanza, bado bibi harusi, kucha zimepakwa hina. Mumewe alivua viatu nje. Tangu siku hiyo hakuingia nacho kiatu mle ndani, hata awe na haraka gani. "Hapa ni ofisini kwa mke wangu," aliwaambia wageni, "vua."

Na ni yeye aliyemleta Karani. Walikuwa wakichimba mtaro wa bomba kubwa, wakamkuta mtoto wa mbwa ndani, kalowa. Akamtia kwenye mfuko wa spana. Alipowekwa chini alikwenda moja kwa moja mlangoni akaketi, na kila aliyeingia akatazamwa juu mpaka chini kana kwamba anaandikishwa. "Huyu ni karani," mumewe akasema, na likawa jina.

Enzi hizo bomba la mtaani lilitoa maji asubuhi na jioni. Likiziba, mtu alikuja kugonga, na fundi akatoka na kandambili, Karani nyuma yake. Sasa bomba lilikuwa chuma kikavu tu cha kuanikia matambara. Maji yaliletwa na lori, na kila mwezi pipa lilipanda bei. Ni lori hilo lililorudi nyuma kwenye uchochoro, dereva akiwa na haraka ya kuwahi mtaa mwingine, Karani akilibwekea gurudumu, likampita mguuni. Angekuwepo fundi, bomba lingetoka maji, lori lisingekuja. Mama Deki aliipitia hesabu hiyo kichwani mara nyingi, na kila mara ilimfikisha pale pale.

Alikuwa akiponda kidonge cha maumivu akichanganye na ini aliposikia hodi.

"Wenyewe wapo? Tumekuja kumwona mgonjwa."

Aliacha kuponda. Sauti ilikuwa ya Lifti, mfanyakazi mwenzake, aliyeitwa hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kusafisha lifti na vioo vyake, na maneno yake nayo yalikuwa hayana ghorofa yasiyofika.

Kuna kitu Mama Deki hakumwambia mtu. Alipopiga simu kazini kuomba ruhusa, msimamizi aliuliza anauguza nani. Akasema, "Amekatwa mguu." Msimamizi akauliza tena, ni nani yako? Na yeye, aliyekuwa na binti mmoja tu, anayefanya kazi za ndani mbali huko na hajazaa, akajisikia anajibu, "Mjukuu wangu." Akapewa wiki, bila malipo.

Lifti aliingia na mfuko wa machungwa kichwani na kifurushi kwapani. Viatu alikuwa ameshavua. "Pole, dada yangu. Pole sana. Kazini watu hawali. Tumechangishana kidogo, tukasema mtoto asijione mnyonge, nimemnunulia suruali. Sikujua ni mguu gani, nikakunja wa kulia. Kama sio huo, nafumua hapa hapa, sindano ninayo." Akaifungua. Suruali ya kaki ya mtoto, mpya, mguu mmoja umekunjwa ndani na kushonwa kwa mkono, mshono mdogo mdogo wa mtu aliyekaa nao. "Yuko wapi?"

Mama Deki alitazama suruali. Hata kuvunga alishindwa. Akaonyesha kwa kidevu.

Karani aliinua kichwa, ndoo na yote.

Lifti akamtazama mbwa. Akatazama kitanda, akatazama nyuma ya pazia, akarudi kwa mbwa. "Sasa," alisema taratibu, "mimi nimeshona mguu wa kulia."

"Ndio wenyewe."

"Basi sikukosea." Akakaa chini kitako. Mabega yakaanza kumcheza, na Mama Deki akadhani analia, kumbe kicheko kimemzidi, amekiziba kwa upindo wa kanga mpaka machozi yanamtoka. "Dada, tumemwombea. Yule mzee wa getini kasimama kabisa katuongoza kwa dua."

"Ikamsaidie," Mama Deki akasema, na yeye akaanza.

Kicheko kilikatika kivuli kilipoingia mlangoni. Lifti akafuta macho haraka. "Nilisahau kukwambia," akanong'ona. "Nimekuja na msimamizi. Alikuwa anatafuta pa kuegesha pikipiki."

Msimamizi alikuwa kijana wa umri wa binti yake, shati jeupe, kitambulisho cha kampuni kinaning'inia kifuani. Aliingia na viatu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Ofisi imenituma. Siku hizi kila ruhusa lazima mgonjwa aonekane, tupige picha turudishe." Simu ilikuwa tayari mkononi. Akazungusha macho chumbani, chumba chenyewe kisichohitaji kuzungusha. "Mjukuu yuko wapi?"

Lifti akafungua mdomo. Mama Deki akamgusa goti, anyamaze.

"Huyo hapo."

Msimamizi aliangalia chini. Karani alimtazama juu mpaka chini, kama kawaida yake.

"Mama, usinitanie."

"Sikutanii."

"Ulisema mjukuu. Nimeenda mbele ya meneja nikasema mjukuu. Unajua nilivyokutetea? Kwa mbwa?"

"Ungenipa siku ngapi kwa mbwa?"

"Hata moja."

"Na kwa mume?"

Mama Deki alikuwa akikunja taulo, analinyoosha pindo kwa pindo, sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Kwa mume ulinipa moja, baba. Nilikuja ofisini kwako nikakwambia ukweli mtupu, nina mume, hali yake mbaya. Ukasema mkataba mpya unaruhusu siku moja. Enzi za wenye jengo wenyewe, kabla kazi haijapewa kampuni, matroni, mkuu wetu wa usafi, alikuwa anakutazama usoni tu, anakwambia nenda, ukimaliza urudi. Nikakaa naye siku moja. Ya pili nilikuwa ghorofa ya nne nasukuma deki, mbele ya mlango wa watu wa bima, Lifti akaja kunishika mkono. Mbwa huyu ndiye aliyekuwa naye alipokata roho. Majirani walipofungua mlango walimkuta amelala miguuni pake. Basi ukweli nilishaujaribu."

Lifti alikuwa ameinamia suruali, akiivuta nyuzi zisizokuwa na kosa.

Msimamizi alijifuta jasho shingoni. Alionekana mdogo ghafla, shati limemzidi mabega. "Mimi sina ubaya na wewe, mama. Hata mimi nikiumwa nakuja. Mke wangu kajifungua nikiwa zamu, mtoto nilionyeshwa kwenye simu." Akairudisha simu mfukoni bila kupiga picha. "Nitasema nimemkuta mtoto anaendelea vizuri. Zaidi ya hapo siwezi. Ila kesho alfajiri uwe ghorofa ya nne, la sivyo watampa mtu mwingine ndoo yako, na watu wa kuitaka wako getini kila siku, unawaona."

"Kesho?"

"Kesho. Kama anaendelea vizuri, unauguza nini?"

Akatoka. Nje pikipiki iligoma mara mbili, ikawaka.

Wanawake wawili walibaki wakitazamana. Kwenye ile sakafu nyekundu, iliyong'aa kama maji yaliyotulia, viatu vya msimamizi vilikuwa vimeacha alama za vumbi, za kuingia na za kutoka.

"Kesho asubuhi atakuwa peke yake," Lifti alisema.

"Atakuwa peke yake."

Mama Deki aliinuka, akabandika maji jikoni, akayasubiri yachemke. Akaongeza magadi. Akachukua brashi ya waya kwenye ndoo, akafunga kanga kiunoni, akapiga magoti pale pale mumewe alipoanzia, ukutani. Safari hii mkono haukugoma. Nta ilitoka kwa povu jekundu. Lifti akatafuta brashi ya pili, asipoiona akachukua dodoki la sufuria, akapiga magoti upande wa pili.

Walikwenda kinyumenyume. Pale nta ilipotoka, sakafu ilibaki imefifia, rangi ya tofali, yenye mikwaruzo. Miaka yote ile ya kitambaa cha sufu iliondoka kwa birika kadhaa za maji ya lori. Mama Deki hakulia. Mara moja tu alisimamisha brashi, karibu na mlango, penye alama ya dole gumba la mguu wa mumewe, lililoingia kwenye sementi mbichi siku ile ya kofia. Akapitisha kitambaa, akaendelea.

Lifti alipomaliza upande wake alikata suruali ya kaki kiunoni, akaigeuza, ule mguu uliokunjwa ukakaa juu ya kidonda kana kwamba ulipimwa kwa ajili hiyo. Wakamvika, wakafunga kwa kamba mgongoni, wakamvua ndoo. Karani alijinusa, akapiga chafya.

Wakaweka bakuli la maji upande wa pili wa chumba, wakakaa kitandani, mikono mapajani, kama wageni.

Jua lilikuwa limeshapita dirishani alipojaribu. Alinyoosha miguu ya mbele, akavuta ule mmoja wa nyuma chini ya tumbo, akausukuma. Kucha zilikwaruza. Zikashika. Akainuka nusu, akaangukia ubavu, akanyamaza.

Lifti alitaka kuinuka. "Mwache," Mama Deki alisema, na mwenyewe alikuwa ameshika ukingo wa godoro kwa mikono yote miwili.

Akainuka tena. Akasimama, ameyumba, suruali ya mtoto imempanda mgongoni. Hatua ya kwanza ilikuwa ya mlevi. Ya pili akaiweka karibu na ya kwanza. Akafika, akazamisha mdomo kwenye bakuli, na sauti ya ulimi wake majini ikajaa chumba kizima.

Giza lilipoanza kuingia Lifti alivaa viatu nje. "Nimwambie nini yule kijana?"

"Mwambie kesho nitakuja."

"Na akiniuliza kingine?"

Mama Deki alikuwa amesimama mlangoni, viganja vyekundu, kanga imelowa magotini.

"Akikuuliza," alisema, "mwambie mjukuu wangu amesimama."