Shuka Lisilo na Doa

Bi Maswali hakuwahi kumuuliza mteja kama ana tatizo. Hilo alilikataa katakata, na wauzaji wenzake pale kwenye kampuni ya mashine za kufulia aliwafundisha hivyo hivyo. Ukimwendea mtu mzima mwenye biashara yake ukamuuliza, "Una tatizo gani?", atakuambia hana, tena atakuambia huku amevimba. Nani anapenda kujianika mbele ya mgeni? Muulize kazi ilipomharibikia mara ya mwisho ilikuwaje. Muombe akutembeze, uone kila mtu anavyofanya. Muulize jambo lile linamuumiza nani, wamejaribu kulitibu vipi, na wakiliacha litawafikisha wapi. Halafu funga mdomo, mwache aseme mwenyewe. Akishasema mwenyewe hawezi kukugeuka.

Wenzake walimpachika jina hilo la Maswali kwa utani, likamganda. Hata nyumbani mumewe hathubutu kusema kichwa kinamuuma, maana ataulizwa kilianzaje, alikuwa wapi, na nani alikuwepo. Lakini mashine alikuwa anauza, hilo hakuna aliyembishia.

Basi siku moja akapelekwa kwa Bwana Wanga, mwenye kiwanda kikubwa cha udobi kinachofulia hoteli za mji mzima. Aliitwa Wanga kwa sababu ya kola zake, zimekazwa kwa wanga mpaka unaogopa zitamkata shingo. Habari zilishavuja kwamba hoteli zinamrudishia mashuka kwa sababu ya madoa. Mwenyewe? Thubutu! Alimkaribisha ofisini, akampa soda, akamwambia, "Mimi sina shida yoyote, dada yangu. Kunywa, pumzika, uende salama."

"Naona," akasema Bi Maswali. "Naomba basi nitembee kidogo nione mnavyofanya."

Huko chini kulikuwa na mvuke na kelele. Mashine zilikuwa kuukuu, zinatetemeka mpaka sakafu inatetemeka nazo. Aligusa bomba la maji ya moto, akakuta ni la uvuguvugu, na maji kama hayo hayatoi doa. Akaiweka hiyo kichwani. Mwisho wa chumba, karibu na mlango wa kutolea mizigo, alisimama mwanamke mzee mbele ya meza pana, anafungua kila shuka, analipitisha mikononi, analikunja. Wafanyakazi wote walimwita Shangazi, ila kwa Bwana Wanga alikuwa shangazi wa damu. Ndiye aliyemlea alipofiwa na wazazi, na ndiye aliyeianzisha kazi hii kwa beseni moja na pasi ya mkaa. Shuka lenye doa lilikuwa halitoki mlango ule bila ruhusa yake.

Bi Maswali akashika ncha za pili za shuka, akaanza kukunja naye. Hiyo nayo ilikuwa mbinu yake. Mtu akiwa anafanya kazi na wewe hakuogopi.

"Kazi hii inakuchosha wapi, Shangazi?"

"Mgongo, mwanangu. Na hawa wasichana wa pasi kwa umbeya."

Mpiga pasi wa jirani, mama mnene aliyekuwa rafiki yake wa siku zote, akadakia, "Umbeya nani kanifundisha?" Wakacheka wote. Mpiga pasi akaondoka kwenda kuchukua maji ya pasi.

"Na macho je?" Bi Maswali akauliza taratibu. Alikuwa ameona namna vidole vya mama yule vilivyokuwa vinatembea juu ya kitambaa.

Shangazi akageuza uso huku na huku kama anayetafuta mtu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Macho yananiaga, mwanangu. Doa jeusi naliona. Haya ya chai, haya ya manjano, napapasa tu. Doa lina ugumu wake, vidole vinalijua. Lakini mengine yananipita. Najua yananipita." Akalikunja shuka. "Usiniseme jamani. Huyu mwanangu wa ofisini akijua ataniweka nyumbani, na nyumbani nitakaa natazamana na nani? Rafiki zangu wote wako hapa."

"Sitasema neno, Shangazi."

Na alimaanisha, jamani, tusimwonee. Wakati ule alimaanisha kabisa.

Akapanda tena ofisini. Meneja wake alishamwambia asubuhi ile asirudi mikono mitupu, na alimwambia kwa ile sauti ya mtu ambaye ameshaanza kufikiria nani atachukua wateja wako. Akaanza vizuri. Akauliza habari za maji ya uvuguvugu. Bwana Wanga akasema fundi anakuja. Akauliza habari za hoteli. Bwana Wanga akasema hoteli zina visirani tu. Kila swali lilirudi kavu. Mwisho mwanamume akaangalia saa, akasimama, akanyoosha mkono wa kuaga.

Hapo ndipo alipopaswa kuaga. Maji ya uvuguvugu yalitosha kuwa hoja, angerudi wiki nyingine na kipimajoto akamwonyesha. Lakini aliona mauzo yanamponyoka, na swali moja lilikuwa limemkaa kwenye ncha ya ulimi.

"Swali la mwisho, kaka yangu. Mashine ikitoa shuka na doa, nani hulikamata?"

"Shangazi. Tangu zamani. Hapitwi na kitu."

"Na haya yaliyorudishwa, yalimpitaje?"

Akafunga mdomo.

 Mkono aliokuwa ameunyoosha Bwana Wanga ukashuka. Uso wake ulibadilika polepole, Bi Maswali akiuangalia. Alitaka kusema jambo, lolote, aulizie hata watoto wake. "Nisubiri," akasema Bwana Wanga, akatoka.

Ofisi ile ilikuwa na dirisha la kioo linalotazama chini. Bi Maswali alimwona akichukua shuka kutoka kwenye rundo la yaliyokwisha kaguliwa, akalikunjua, akaligeuza pande zote mbili kwenye mwanga. Lilikuwa jeupe, safi, halina kitu. Akamfikia Shangazi, akamtandazia mezani. Maneno hayakusikika kwa kelele za mashine, lakini hayakuhitajika. Alikuwa anamuuliza doa liko wapi.

Shangazi akainama. Akapitisha vidole juu hadi chini, akarudia, mara hii taratibu zaidi. Kisha akaonyesha mahali katikati ya shuka, akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama anayesema hili lirudishwe. Akamtazama mwanawe na kutabasamu.

Bwana Wanga alisimama pale. Akalikunja lile shuka yeye mwenyewe, akambusu shangazi yake kichwani, akapanda ngazi. Macho yalikuwa mekundu. Alisaini mkataba wa mashine mpya bila hata kuuliza dhamana. "Inatoa safi yenyewe?" aliuliza tu. "Haihitaji mtu wa kukagua?"

"Haihitaji," akasema Bi Maswali.

Hakusema neno. Alijiambia hivyo ngazini, akajiambia hivyo barabarani, na mezani wakati wa kula akajiambia tena. Nimeuliza tu. Kuuliza si kusema. Meneja alimpongeza mbele ya watu, wakampigia makofi, naye akacheka shingo upande huku nafsi inamsuta. Mumewe alimuuliza, "Umeuza, mbona sura ya msiba?" Akamkatia, "Niache." Kwa mara ya kwanza nyumba ile ilikosa maswali.

Siku ya kufunga mashine mpya alikwenda na mafundi, maana ndiyo kazi. Nje ya mlango, kwenye benchi, alikaa Shangazi amevaa nguo ya kutokea, kifurushi mapajani. Alikuwa amekuja kuchukua aproni yake na kandambili zake, anasubiri kurudishwa nyumbani. Bi Maswali akamsalimia, na ilibidi asalimie mara ya pili ndipo akajulikana.

"Ah, ni wewe mwanangu! Afadhali." Shangazi akamshika mkono. "Wamenipumzisha. Mtu amenisema. Nami namjua, ni yule mpiga pasi. Yeye tu meza yake iko karibu, lazima alisikia siku ile tulipoongea. Urafiki wote ule! Juzi alikuja nyumbani kunijulia hali, nikamfungia mlango. Amelia hapo nje, nikamwacha alie."

 Bi Maswali angeweza kumwambia pole, akaingia ndani kwa mafundi, yakaisha. Hakuna aliyejua. Alikaa kwenye benchi.

"Si yeye, Shangazi. Ni mimi."

"Wewe ulimwambia mwanangu?"

"Sikumwambia. Nilimuuliza swali. Nilijua akilijibu atajua. Niliuliza makusudi, ili anunue mashine." Machozi yakamtoka. "Nisamehe."

Shangazi hakupiga kelele. Alitoa mkono wake, akaupangusa kwenye kifurushi. "Mwaka mzima," akasema, "naparamia viti, namwaga chai, nachanganya watu majina. Mwanangu hakuniuliza. Rafiki yangu hakuniuliza. Ukaja wewe, mtu baki, ukaniuliza habari za macho yangu. Usiku ule nilikuombea, unajua? Nilidhani umenionea huruma."



Mwanamke mzee akasimama. Bi Maswali naye akasimama haraka, akamshika kiwiko. "Nikupeleke wapi, Shangazi?"

"Kwa mpiga pasi. Nikamwombe radhi." Akajitoa taratibu mikononi mwake. "Wewe usinishike."

Akaupapasa ukuta mpaka akaupata mlango, akaingia.