Maji Yenye Hasira

Christina alikuwa akiuona ule uzi hata akiwa amefumba macho. Uzi wa zambarau, mwembamba, umelala katikati ya maji wala hautikisiki.

Aliyemwonyesha ni Lukmani, fundi bomba kutoka Tanga, aliyeletwa na misheni kuteremsha maji ya chemchemi hadi kijiji cha Nyambureti. Fundi yule alipenda mzaha. Alifunga kipande cha bomba la kioo karibu na tangi, akadondosha wino ndani, akafungua koki kidogo. Wino ukanyooka, ukateleza taratibu bila kuchanganyika na maji, na Christina akahisi kana kwamba yeye mwenyewe anaelea. Lukmani akaongeza. Uzi ukatetemeka, ukajipinda. Akaongeza tena, kidogo tu, jamani! Uzi ukavurugika, bomba zima likawa zambarau.

“Maji ni yale yale, mama,” fundi akacheka. “Ni mbio tu. Yakizidishiwa mbio yanavurugana.”

Tangu hapo Christina alitembea kama mtu aliye ndotoni asiyetaka kuamshwa. Mtoto wake wa kwanza, Simoni, aliuawa na kuhara, kwa maji ya mto. Wa pili alikuwa mgongoni. Bomba hili lilikuwa lake, wengine waseme watakavyo.

Siku ya kufungua, koki alipewa mzee Werema, baba mkwe wake. Akinywa yeye, wote watakunywa. Akikataa, wote wanarudi mtoni. Sasa niambie, Mkurya gani atawapimia wageni wake maji kwa matone? Uchoyo gani huo! Mzee akaizungusha koki mpaka mwisho.

Bomba likatikisika, likanguruma. Maji yakatoka meupe kwa povu, yakirukaruka, yakamlowesha mzee miguu. Wanawake wakarudi nyuma.

“Maji yenye hasira mimi siyanywi,” Werema akasema, akaweka kibuyu chini.

Lukmani alikuwa juu mlimani kwenye tangi, hasikii. Aliyejua dawa ya maji yale ni Christina peke yake, na Christina ni mkamwana. Mkamwana wa Kikurya hamsogelei baba mkwe, hamsemeshi; akimwona njiani anapinda vichakani. Wee, acha tu! Alitetemeka kuliko lile bomba. Lakini mtoto akajigeuza mgongoni, na Christina akajiona yuko tena kando ya kaburi la Simoni, udongo mkononi.

Akaenda. Akapita ubavuni mwa mzee, bega nusura liguse bega, akaishika koki. Watu wakaguna. Akaipunguza polepole, akisikiliza. Ngurumo ikafifia, povu likapungua. Mara maji yakatulia, yakashuka kimya, maangavu, mpaka ungedhani yamesimama na hayaendi popote.

Akajaza kibuyu, akakiweka chini, akageuza uso. Aibu ilimchoma. Alijua anaweza kufukuzwa katika boma la mkwewe kabla jua halijazama.

Mzee Werema alikitazama kibuyu. Akakiokota, akanywa maji yote, kidevu kikichuruzika. Kisha hakukiweka chini. Alikinyoosha mpaka kikagusa mkono wa Christina.

“Niongeze, mwanangu.”

Tangu aolewe, hilo lilikuwa neno la kwanza la mzee kwake. Christina alilia waziwazi, na maji yakaendelea kushuka.